Fomu imekaa juu ya friji wiki tatu

Assalaam aleikum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Nakuandikia kutoka mji mdogo wa katikati ya Uingereza, ambako nafanya kazi ya kutunza wazee. Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Mume wangu alifariki 2022, na Septemba 2023 nikapata visa ya kazi nikaja na wanangu wawili. Wa kiume sasa ana miaka minane, wa kike minne.

Mwanzo shifti zilikuwa tele hata nikawa nazikataa. Tangu mwaka jana kampuni iliyonileta imepunguza saa. Mkataba wangu unasema saa 39 kwa wiki, lakini kuna wiki napata 18. Kodi ya nyumba haijui habari hizo. Mwezi uliopita jiko la umeme nililonunua mtumba liliungua, plagi ikatoa moshi, na tangu siku hiyo napika kwa maikrowevu na sufuria ya umeme ya wali. Wanangu wamekula wali na mayai mpaka huyu mdogo akaniuliza kama chapati zimekwisha duniani. Friji nayo imeanza kuvuja maji.

Muuguzi anayefuatilia watoto wadogo alipokuja kumwona binti yangu aliliona lile jiko. Wiki iliyofuata akaniletea fomu ya mfuko wa hisani wa hapa mjini, unaosaidia wakazi wenye shida. Kurasa tano. Nimeiweka juu ya friji na hii ni wiki ya tatu, kila nikipita naitazama, nayo inanitazama.

Bi Mkubwa, nina mambo yananizuia. Visa yangu imeandikwa kwamba siruhusiwi kuchukua pesa za umma. Katika kundi letu la WhatsApp dada mmoja kasema nikipokea hata shilingi nitafutiwa visa. Mwingine kasema hakuna tabu, yeye atanijazia fomu kwa pauni 60. Halafu jina la mfuko lina neno parokia. Sisi ni Waislamu, na kaka yangu mkubwa huko Mombasa nilipomweleza alifoka kwamba mtoto wa baba yetu hawezi kwenda kuomba sadaka kanisani, bora nirudi nyumbani.

Na kuna ukurasa unataka niorodheshe matumizi yangu yote na niambatanishe taarifa za benki za miezi mitatu. Kila mwezi namtumia mama pauni 120, za dawa za sukari na kodi ya chumba. Nimefikiri nisiziandike. Wakiona natuma pesa Afrika si watasema huyu hana shida? Na kusema kweli, wale wazee ninaowatunza wengine hawana mtu wala kitu. Naona kama nitakuwa nakula haki yao.

Nifanyeje?

Mama wa wawili

*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Marahaba, na pole kwa mume, pole kwa jiko.

Nianze na visa, maana najua hilo ndilo linalokukosesha usingizi. Maneno "public funds", yaani hizo pesa za umma, katika kanuni za uhamiaji za Uingereza hayana maana ya kila msaada unaotoka kwa mtu mwingine. Ni orodha, na imechapishwa. Ndani yake mna Universal Credit, Child Benefit, Housing Benefit, nyumba za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na malipo mengine ya serikali. Pesa ya mfuko wa hisani haimo katika orodha hiyo. Benki ya chakula haimo. Shule ya serikali anayosoma mwanao haimo, wala matibabu ya NHS. Kwa hiyo jiko likinunuliwa na mfuko wa hisani, hujavunja sharti hilo la visa yako.

Ila shika tofauti hii: zipo pesa za dharura zinazotolewa na kaunsili yenyewe, na baadhi ya hizo zimo katika orodha. Fomu ya kaunsili na fomu ya mfuko wa hisani zinaweza kufanana kama mapacha. Ukipewa ya kaunsili, usiijaze kabla ya kumwuliza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, au nenda Citizens Advice, shirika la ushauri, ambao hawatozi kitu na watakuelekeza kwa anayestahili. Mimi ni mwandishi wa safu, si mshauri wa uhamiaji, na huko kutoa ushauri huo bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Dada wa WhatsApp labda hajui. Na huyo wa pauni 60 mwache alipo. Fomu hizi hazina malipo, na muuguzi aliyekuletea ndiye anayetakiwa kukusaidia pale unapokwama.

Sasa huo mfuko wenyewe. Ungekuwa Mombasa usingeushangaa, ungeuita wakfu. Mtu ana nyumba Mji wa Kale au shamba la minazi, anaifunga kwa Mungu: haiuzwi, hairithiwi, kodi yake iende kwenye msikiti au kwa mafukara. Umekua unayasikia hayo, na ofisi ya Makamishna wa Wakfu iko pale pale mjini. Huko Uingereza waliyafanya hayo hayo kwa jina jingine. Mfanyabiashara au mjane tajiri wa miaka 300 au 400 iliyopita aliacha shamba, akaandika katika wosia kwamba kodi yake inunue mikate na makaa kwa maskini wa parokia yake. Mwaka 1601, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipitisha sheria ya kuwachunguza waliokabidhiwa mali kama hizo wakazila. Unaona, kula mali ya wakfu hakukuanzia pwani kwetu. Mwaka 1853 ikaundwa Charity Commission ya kuzisimamia, na mpaka leo daftari lake liko wazi kwa yeyote. Ingiza jina la mfuko wako utaona wadhamini ni nani, mapato ni kiasi gani, na mfuko uliwekwa kwa ajili ya nani. Fanya hivyo kabla ya kumpa mtu yeyote taarifa zako za benki.

Na hilo neno parokia. Zamani hizo parokia ndiyo ilikuwa serikali ya mtaa. Ndiyo iliyokusanya ushuru wa kuwalisha maskini, kwa sheria, kwa hiyo aliyeandika "maskini wa parokia yangu" alikuwa anachora mpaka wa eneo. Tangu 1894 kuna parokia za kiraia zenye mabaraza yao, mbali kabisa na kanisa, ila majina ya mifuko yalibaki yale yale. Padri wa pale anaweza kuwa bado ana kiti katika kamati, kwa sababu wosia ulisema hivyo. Wadhamini wengi hawatakuuliza unasali wapi, watakuuliza unalala wapi. Ipo mifuko michache iliyofungwa kwa dini fulani, kwa hiyo soma pale panaposema nani anastahili. Pakiwa pameandikwa wakazi, na nyumba yako iko ndani ya mpaka, wewe ni mkazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe unalo tangu Septemba 2023, unawageuza wazee wao kitandani usiku.

Kama kaka yako bado hajatulia, mwambie upo pia mfuko wa National Zakat Foundation, unaokusanya zaka za Waislamu wa Uingereza na kuwapa Waislamu wenye dhiki walioko huko huko. Unaweza kuomba kote kuwili, mradi kila upande uwaambie kwamba umeomba na kwingine.

Nije kwenye pauni 120, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize.

Nilikaa Uingereza miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi, na minne kati ya hiyo nilikuwa mdhamini wa mfuko mmoja wa aina hii. Waliniomba kwa sababu nilikuwa najulikana shuleni kwa watoto, na nadhani pia kwa sababu walitaka sura mpya mezani. Basi nitakueleza fomu ikitoka mikononi mwako inakwenda wapi. Inakwenda kwenye chumba chenye meza, biskuti na watu saba, wengi wao wastaafu, wasiolipwa hata senti. Karani anasoma. Kwetu majina yalikuwa yanaondolewa, tunasikia tu "ombi la nne, mama na watoto wawili". Hakuna anayecheka. Kikao kirefu kuliko vyote nilivyokaa kilikuwa juu ya zulia la ngazi, kama ni hitaji au ni anasa, na tulitoka pale saa nne usiku wawili hawasemezani.

Mwaka wangu wa kwanza lilikuja ombi la mtu wa bara letu, aliyekuwa anaomba vitanda vya watoto. Fomu safi, mwandiko mzuri. Lakini kwenye taarifa za benki kila tarehe mbili kulikuwa na pauni kadhaa zinatoka kupitia kampuni ya kutuma pesa, na kwenye orodha ya matumizi hazikuwepo. Mwalimu mstaafu mmoja akauliza kwa upole, "Hizi ni za nini?" Mimi nilijua ni za nini. Kila mmoja wetu angejua. Lakini sikuweza kumsemea mtu kitu ambacho mwenyewe hakukiandika, na karani akaambiwa amwandikie barua ya kuuliza. Jibu likaja, likasubiri kikao kingine, zikapita wiki tano. Vitanda vilipoidhinishwa alikuwa ameshavikopa dukani kwa riba. Hakunyimwa. Kilichomchelewesha ni kunyamaza kwake.

Miaka miwili baadaye mama mmoja aliandika mstari mmoja tu: "Pauni 80 kila mwezi kwa mama yangu, mgonjwa, hana pensheni." Mdhamini mmoja alinung'unika, sikufichi, akauliza kama pesa ya mfuko inaruhusiwa kutoka nje ya parokia. Mwenyekiti akamjibu kwamba mfuko utalilipa duka, duka litaleta mashine ya kufulia mlangoni, na mashine ya kufulia haitumwi kwa simu. Dakika mbili, tukaenda ombi lingine.

Kwa hiyo ziandike. Mficha uchi hazai. Pesa zinaonekana kwenye taarifa za benki hata ukizifunika, na wakizikuta wenyewe wataanza kujiuliza umeficha nini kingine. Andika: za dawa ya kisukari na chumba cha mama yangu, mjane, mimi ndiye ninayemtunza. Usiombe radhi katika mstari huo.

Lakini nitakwambia na lile hutalipenda. Pauni 120 zilikuwa sawa ulipokuwa na saa 39. Kwa saa 18 hazibebeki, na kama mama hajui kwamba saa zimepungua, ni kwa sababu hujamwambia. Sisi tulio nje tuna ugonjwa huu, nami niliuugua: tunapiga picha mbele ya theluji na kutuma nyumbani, picha ya jiko lililoungua hatutumi. Mama yako mwambie. Na kaka anayeona haya dada yake kuomba jiko, aanze kwa kulipa dawa za mama yenu, hata nusu. Aibu hiyo tugawane na gharama zake.

Kuhusu wazee usijitwike. Kwetu sisi, miaka miwili kati ya ile minne tulifunga hesabu na pesa hatujazimaliza kwa kukosa waombaji, na karani alikuwa anazunguka na vipeperushi kliniki na maktaba kutafuta watu. Wazee unaowatunza wanastahili pia. Kwa nini usimwombe muuguzi fomu za ziada, ukawapelekea? Wewe ndiye unayejua nani analala na koti.

Sasa jaza. Omba jiko na friji katika fomu moja, kwa sababu mifuko mingi haikubali ombi la pili kabla ya mwaka au miwili kupita. Omba na gharama ya kulileta, kulifunga na kuliondoa la zamani. Hilo watu wengi hulisahau, jiko likaja na kukaa barazani kwa sababu hakuna pesa ya fundi. La umeme linataka fundi umeme, la gesi linataka fundi aliyesajiliwa Gas Safe, na wewe na watoto msiguse nyaya wala bomba. Taja kwamba lile liliungua na plagi ilitoa moshi, maana hatari kwa watoto inaweza kulifanya ombi lako liangaliwe kabla ya kikao. Mpigie karani umuulize tarehe ya kikao kijacho, wala usimwogope, kazi yake ndiyo hiyo.

Swali la kwanza watakalouliza ni kama jiko lilikuwa la mwenye nyumba. Umesema ulinunua mwenyewe, basi andika hivyo. Friji je? Kama uliikuta ndani ya nyumba, toa mkataba wa upangaji uusome kwanza, huenda ni yeye anayepaswa kuitengeneza.

Pale panapouliza kuhusu ruzuku za serikali usiache wazi. Wadhamini wengi wamefungwa na kanuni kwamba pesa yao isichukue nafasi ya ile ambayo serikali ingetoa, kwa hiyo wakiona wazi watakurudishia fomu uende kwanza ukaombe huko. Andika kwamba visa yako haikuruhusu, na uambatanishe ukurasa unaoonyesha hivyo. Kisha mwombe muuguzi aandike mistari mitatu ya kile alichokiona jikoni kwa macho yake. Kamati inaamini sana maneno ya mtu wa tatu.

Pesa mkononi hutapewa, usiingoje. Watalilipa duka. Na kama kodi ya nyumba imelala, itaje, ingawa mifuko mingi hailipi madeni. Angalau wataiona hali yako nzima, na karani huenda akajua mfuko mwingine. Turn2us, shirika la hisani, nao wana huduma ya bure ya kutafuta mifuko kwa msimbo wa posta.

Kwa mwanao mkubwa, uliza ofisi ya shule kuhusu chakula cha mchana cha bure. Tangu 2022 familia zenye sharti kama lako la visa, na kipato kidogo, zimeruhusiwa kwa kudumu huko England, na chakula hicho hakihesabiwi kuwa pesa ya umma.

Suala la saa 18 badala ya 39 linataka barua yake. Kwa leo: kusanya hati zote za mshahara na ratiba za shifti, usisaini mkataba mpya wowote kabla hujausomesha kwa mtu anayejua, wapigie simu Acas, shirika linaloshauri kuhusu haki za kazini, ushauri wao ni bure. Kwa mwenye visa ya kuajiriwa, mwajiri anatakiwa alipe kile alichowaandikia watu wa uhamiaji alipokudhamini, na hilo si la kunong'onezana WhatsApp. Mshauri wa uhamiaji niliyemtaja hapo juu ndiye wa kumwonyesha hati hizo, kwa sababu ukiachana na mwajiri huyu muda wa kumpata mwingine ni mfupi.

Fomu ishushe kutoka juu ya friji usiku wa leo watoto wakilala. Kaka yako mpigie ikishaingia posta, si kabla, na umwanzie na habari ya dawa za mama.